Maswali na Majibu: Viungo vya Mtoto na Michezo Yake

Mwanangu ametimiza miezi 13 na bado hatembei. Je, nimnunulie kigari cha magurudumu ili ajifunze?

Usimnunulie. Vipimo vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa Ghana, India, Marekani, Norwe na Omani, vinaonyesha kwamba mtoto mwenye afya anaweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8 na karibu 18. Kigari humbeba mtoto ambaye anapaswa kujifunza kujibeba, tena humpa mwendo asioumudu; kwa ajili ya ajali zake, Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Mwache atambae na ajivute kwenye kochi. Akipita miezi 18 bila kutembea, au akipoteza uwezo aliokwisha kuupata, mpeleke kliniki.

Binti yangu wa miaka 7 hawezi kudaka mpira, na wenzake humcheka. Ni uzembe?

Si uzembe. Katika kudaka, jicho hufuata mpira, ubongo hukadiria utafika wapi na lini, na mikono hujiandaa kabla haujafika, yote hayo kwa muda wa kupepesa jicho. Mtoto wa miaka 3 au 4 huukumbatia mpira kifuani. Wa umri wa binti yako kwa kawaida huanza kutumia viganja, ingawa watoto hutofautiana sana, na mara nyingi anayedaka vizuri ni yule aliyecheza zaidi. Anza na puto, kwa kuwa hushuka polepole, kisha mpira mkubwa laini, ndipo umpe mdogo. Mimi ningemrudisha pia kwenye mdako, mchezo ambao jina lake lenyewe linatokana na kudaka: anarusha kijiwe juu, anachota vingine kutoka kishimoni, na kukidaka kile cha kwanza kabla hakijagusa chini, bila kocha wala gharama. Rede, kwa upande wake, itamfunza kukwepa na kugeuka haraka. Iwapo baada ya miezi kadhaa bado anahangaika hata kufunga vifungo, kushika kalamu au kupanda ngazi, muone daktari, kwa sababu ipo hali ya ukuaji inayovuruga uratibu wa viungo, nayo haiponi kwa kukaripiwa.

Je, pushapu humdumaza mtoto?

Hapana. Kinachoweza kumuumiza ni kunyanyua vyuma vizito bila msimamizi.

Mtoto wa shule afanye mazoezi kwa muda gani?

Mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2020 unapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17, za shughuli zinazoharakisha pumzi, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi makali pamoja na yale yanayoimarisha misuli na mifupa, kama vile kuruka kamba au kupanda miti. Si lazima dakika hizo zifuatane, na kutembea kwa haraka kwenda shuleni kunahesabika. Ratiba ya masomo ya ziada isiyoacha nafasi hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo ya kupunguzwa.