Unakuja Uingereza kukata miti? Soma hili kwanza

Nimekulia Pangani, kwa mjomba aliyekuwa mkwezi wa minazi. Nilipofika miaka kumi na minne nilikuwa napanda mnazi kwa kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni, naangusha madafu na kushuka kabla jasho halijakauka. Jembe nilifundishwa na bibi. Kwa hiyo nilipofika Leeds nikaona tangazo la kampuni ya kukata miti inayotafuta mtu, nilijiona nimeshafika. Kukwea najua, kulima najua, kilichobaki ni koti zito tu. Sasa nina miaka minane kwenye kazi hii, na nyinyi wadogo zangu mnaoniuliza mtaanzia wapi, jibu langu ni hili: vitu viwili nilivyokuja navijua ndivyo vilivyonichelewesha kuliko hata Kiingereza.

Kwanza jina la kazi. Wenyewe wanamwita mtu huyu mpasuaji wa miti, kama daktari wa upasuaji. Mama alipolisikia alitangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ni daktari Ulaya, na mpaka leo sijapata moyo wa kumsahihisha.

Utaanza chini. Utakuwa saidia fundi: kuburuta matawi, kufagia barabara ya mteja, kulisha mashine ya kusaga matawi. Hiyo mashine iheshimu kuliko chenso, ule msumeno wa injini. Tawi linaingia kwa upande wa kitako, wewe unasimama pembeni, si mbele, na likishashikwa na magurudumu unaliachia. Usivae glavu ndefu zenye mdomo mpana wala kamba ya koti inayoning'inia, kwa sababu kijitawi kidogo kinaweza kukunasa na kukuvuta. Vitakataka vya mwisho usivisukume kwa mkono; chukua tawi refu uvisukume nalo. Na mguu usithubutu.

Mwezi wangu wa pili kamba ya kurushia ilinasa kwenye tawi, kama mita nne juu. Fundi alikuwa anakunywa chai. Mimi huyo nikavua helmeti, nikapanda kwa mikono mitupu, nikainasua, nikashuka nikitabasamu. Nilitegemea sifa. Fomani hakupaza sauti. Aliniuliza kama nina mtoto, nikasema ninaye, akaniambia niende nyumbani, siku imeisha. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikaa kituo cha basi nimekasirika kweli, nikiona nimeonewa, mtu aliyepanda minazi mirefu mara tano ya ule mti! Kesho yake alinionyesha lile tawi nililokanyaga. Kwa chini lilikuwa na uyoga mgumu uliokaa kama rafu ya ukutani, na kuni ya ndani ilikuwa laini, kidole kinazama. Mnazi una shina moja, na mkwezi anausoma kwa macho kabla hajaugusa. Mti wa huku una matawi mia, na kila tawi ni mti wake.

Kwa hiyo vyeti si urasimu. Vinakwenda kwa ngazi: kwanza kutunza chenso na kukata magogo yaliyolala, kisha kuangusha miti midogo, kisha kupanda kwa kamba pamoja na kumwokoa mwenzako juu ya mti, na mwisho ndipo unaruhusiwa kutumia chenso ukiwa unaning'inia. Kila kimoja kinagharimu mamia ya pauni, na anayekupima si yule aliyekufundisha. Kampuni nyingine hukulipia kwa makubaliano kwamba usiondoke kabla ya muda fulani. Soma karatasi hiyo vizuri kabla hujatia saini. Lile somo la kuokoa usilichukulie kama nyongeza. Ukiwa juu lazima chini awepo mtu anayeweza kupanda kukuleta, na kama hayupo, hupandi, hata mteja akinuna.

Ukishafika juu na chenso, unafungwa mara mbili: kamba kuu, na kamba fupi ya kiunoni yenye waya wa chuma ndani. Chenso haichagui kati ya tawi na kamba. Vifaa vyote vya kupandia vinakaguliwa na mtu mwenye ujuzi kila baada ya miezi 6, kwa sheria ya mwaka 1998. Hanesi, yaani mikanda ya kujifungia mwilini, ya kununua mtandaoni kwa mtu usiyemjua, achana nayo.

Namna ya kukata nayo nilijifunza upya. Kwetu tawi likizidi unalipiga panga, basi. Huku utaonyeshwa uvimbe pale tawi linapotokea kwenye shina, umelizunguka tawi kama kola ya shati. Mmarekani mmoja, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona. Unajenga kuta ndani na kuufungia ugonjwa usisambae. Kola hiyo ndiyo yenye kazi, na ukiikata umevunja mlango. Tawi zito unalikata mara tatu: chini kidogo, mbali na shina, kisha juu, mbele zaidi, lidondoke bila kuchuna gome, halafu kisiki kilichobaki unakiondoa nje tu ya kola. Rangi ya kupaka kidonda haisaidii, ingawa wazee wateja wataiomba. Mcheri na mplamu vikatwe kiangazi, maana majira ya baridi kuna kuvu anayeingilia majerahani.

Kuna mti mmoja wa kuogopa, nao ni eshi, wenyewe wanaandika "ash". Ugonjwa wake wa kuvu ulithibitishwa Uingereza mwaka 2012, na sasa kila barabara ina miti yake iliyokaukia kileleni. Kuni ya eshi mgonjwa inakatika bila kulia. Mwaloni ukitaka kuvunjika unakutonya, eshi hakuna. Huo tunaufanyia kazi kutoka kwenye kikapu cha mashine ya kuinua watu. Mjomba nilipomweleza alielewa mara moja: hata yeye hakukwea mnazi ulioliwa na chonga, yule mdudu wa minazi.

Sheria sitawachosha nazo, ila mbili zitakukuta wiki ya kwanza. Mti unaweza kuwa kwenye uwanja wa mtu na bado asiwe na ruhusa ya kuugusa, kwa sababu halmashauri imeuwekea amri ya ulinzi. Na kwenye maeneo yaliyohifadhiwa kwa ajili ya majengo ya kale, miti mingi inahitaji taarifa ya wiki 6 kabla ya kukatwa. Usimwamini mteja anayesema ameshapiga simu. Omba kuona barua. Ya pili ni ndege. Tangu sheria ya 1981, kiota kinachotumika hakiguswi, na kuanzia Machi mpaka Agosti unachungulia kila ua kabla hujawasha mashine. Nimewahi kuacha kazi ya siku nzima kwa ajili ya njiwa mmoja wa porini aliyelalia mayai, njiwa wale wale wanaomaliza sukuma wiki yangu. Nilimtazama, akanitazama, nikashuka.

Baridi, kwa kifupi: usivae pamba mwilini, ikilowa imekumaliza. Beba glavu jozi tatu. Mtetemo wa chenso pamoja na baridi huua mishipa ya vidole vikawa vyeupe, na vikizoea haviponi, kwa hiyo ukiona ganzi sema mapema, usijifanye mwanaume. Kodi: wengi watakutaka ujiandikishe kama mtu uliyejiajiri. Ukikubali, tarehe 31 Januari, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu na kulipa, ikariri kama siku yako ya kuzaliwa.

Sasa mboga, na hapa ndipo kazi inapolipa mara mbili.

Halmashauri hukodisha viwanja vya kulima kwa bei ndogo. Kiwanja kamili cha kizamani ni kama mita za mraba 250, ingawa siku hizi wengi hupewa nusu. Mwaka wangu wa kwanza kiwanjani nilipanda mahindi niliyotumiwa kutoka nyumbani. Yalistawi hayo! Yakanipita kichwa, majirani wakawa wanakuja kuyapiga picha. Agosti hakuna mbelewele. Septemba zikachungulia chache. Oktoba jalidi, ule umande unaoganda, ikashuka usiku mmoja, asubuhi shamba zima limekuwa kama limemwagiwa maji ya moto, na hindi hata moja sikuvuna. Nililaumu mbegu, nikalaumu udongo. Kumbe ni urefu wa mchana. Mahindi ya kwetu yamezoea mchana wa saa 12 mwaka mzima, na Juni jua la Leeds linakaa angani karibu saa 17. Mmea unasubiri ishara ya kutoa maua, ishara haiji. Desemba mchana unabaki kama saa 7 na nusu, na hapo hakuna kinachoota hata ukikiimbia. Bibi alinifundisha kuangalia mvua; huku mvua ipo tu, unaangalia mwanga.

Ukishalijua hilo, mengine yanafuata. Chainizi ukiipanda Aprili inakimbilia maua, ngoja Julai. Mchicha usie Juni udongo ukishapata joto, uchume haraka haraka, mwisho wa Agosti unaanza kubeba mbegu. Maboga yaanzie dirishani kwenye vikopo mwisho wa Aprili, yatoke nje Juni ikiingia. Majirani zangu wanataka boga, mimi nataka majani, kwa hiyo kila Jumamosi narudi na furushi la majani ya watu. Menya zile nyuzi za vikonyo kama kawaida, tui la kopo linafaa. Sukuma ndiyo mfalme wa huku: ipande mwanzo wa kiangazi, ifunike kwa wavu, na utachuma hadi majira ya baridi. Jalidi ikiipiga inakuwa tamu zaidi. Bamia bila banda la kioo, sahau.

Na udongo? Hapo mashine ya kusaga matawi inarudi. Sehemu nyingi kampuni hulipia kutupa zile chenga za miti, kwa hiyo ukiomba lori moja limwagwe kiwanjani, fomani atafurahi kuliko wewe. Omba kwanza idhini ya kamati ya viwanja. Zitandaze juu kama matandazo, unene wa kiganja, na kwenye njia. Usizifukie zikiwa mbichi, zitanyang'anya udongo naitrojeni na mboga zitageuka njano. Baada ya mwaka chini yake pamekuwa peusi na minyoo imejaa. Chenga za loreli, ule ua wenye majani mapana yanayong'aa, fungua madirisha ya gari unapozibeba: zikisagwa zinatoa gesi ya sianidi, na ukisikia harufu ya lozi kwenye kabini, shuka. Za mti wenye kuvu wa mizizi ziache huko huko.

Samadi ya farasi inapatikana bure, lakini muulize mwenye farasi kama nyasi zilipuliziwa dawa ya magugu. Dawa nyingine hupita tumboni mwa farasi ikiwa nzima na kukunja nyanya zako kama ngumi. Changanya samadi kidogo na udongo kwenye kopo, panda maharage matatu, ngoja wiki tatu. Yakitoka yamenyooka, leta toroli.

Andika jina kwenye orodha ya viwanja wiki hii hii, hata kama hujui utahamia mtaa gani. Mimi nilisubiri karibu miaka miwili, na muda huo mchicha ulikuwa kwenye ndoo tatu za rangi nje ya mlango wa jikoni, nimezitoboa chini kwa bisibisi, mpangaji mwenzangu akidhani ni maua.