Ditekta inalia ovyo kwenye udongo mwekundu

Ndugu, nimekuelewa: pete ya dhahabu imepotea kwenye shamba huko Karen, Nairobi, na ditekta (kifaa cha kutafuta metali ardhini) inalia kila ukiipitisha. Kabla ya kulaumu udongo, inua koili, yaani kile kisahani cha chini cha ditekta, hadi kiunoni uishike bila kuitikisa. Ikiendelea kulia, kinachosumbua ni nyaya za stima au simu iliyo mfukoni. Ikinyamaza, basi ni madini ya chuma yaliyo katika udongo wetu wa asili ya volkeno.

Tafuta sehemu isiyo na metali, uwashe urekebishaji wa ardhi (mpangilio unaoifanya ditekta ipuuze madini ya udongo), kisha pandisha na kushusha koili kati ya sentimita 30 na 3 hadi sauti isipande wala isishuke. Rudia kila rangi ya udongo ikibadilika. Punguza usikivu wa ditekta. Wengi huuongeza wakidhani watafika chini zaidi, kumbe wanaongeza kelele tu. Koili ndogo ya aina ya DD (yenye nyaya mbili zenye umbo la herufi D) husaidia sana, kwa kuwa huona udongo kidogo kwa wakati mmoja.

Usiiweke ditekta ichuje chuma kwa ukali: kwenye udongo huu namba ambayo skrini huonyesha kwa dhahabu huweza kuteremka hadi upande wa chuma. Fukia pete inayofanana na iliyopotea, iliyofungwa uzi, sentimita 5 chini, usikilize inavyolia.

Mashine ya mapigo (ditekta inayotuma umeme kwa mapigo mafupi) hustahimili udongo huu, lakini itakuchimbisha kila msumari. Kwa pete ya juujuu, usinunue.

Chimba kwa mkono, polepole; penye nyaya za stima zilizofukiwa, mwite fundi umeme kwanza.