Kuuza nyumba yenye mbwa na paka: maswali yenu

Safari hii wametuandikia wasomaji wanaotaka kuuza nyumba huku mifugo yao ikiwa bado ndani. Harufu ndiyo iliyoulizwa zaidi, kwa hiyo ndiyo itakayokula nafasi kubwa.

Dalali anasema nyumba inanuka paka. Sisi wenyewe hatusikii kitu. Nani yuko sahihi?

Dalali. Pua huizoea haraka harufu ya mahali unapokaa, ikaacha kuipokea. Mwombe mtu asiyefuga aingie asubuhi, kabla madirisha hayajafunguliwa, azunguke peke yake. Ukimfuata nyumanyuma ataona haya kusema kweli.

Usiku zima taa zote, upite na tochi ya miali ya urujuanimno. Mkojo mkavu hung'aa kwa rangi ya manjano hafifu. Usiishie sebuleni: angalia pembe za kuta, nyuma ya makochi, chini ya mapazia na vizingiti vya milango, maana dume hurushia mkojo ukutani, si sakafuni tu. Mabaki ya sabuni na baadhi ya gundi nayo hung'aa, kwa hiyo piga magoti unuse kabla ya kuhukumu. Kila doa la kweli lizungushie chaki au utepe.

Doa la mkojo kwenye zulia tumeliosha kwa sabuni mara nyingi. Hewa ikiwa na unyevu, linanuka upya.

Mkojo una asidi ya yuriki, ambayo ikikauka hubaki kama chembechembe zisizoyeyuka kwa urahisi majini. Sabuni huondoa rangi na sehemu ya uvundo, chembe zikabaki. Unyevu ukirudi, harufu nayo inarudi.

Dawa yake ni kisafishaji chenye vimeng'enya (enzaimu), yaani viambato vinavyomeng'enya mabaki ya mkojo. Wengi hukinyunyiza juu juu, wakafuta, kisha wakasema hakifai. Kwanza suuza sabuni yote kwa maji matupu, kwa sababu mabaki yake yanaweza kudhoofisha vimeng'enya, halafu kandamiza taulo kavu linywe maji. Mimina dawa ya kutosha kufika kule mkojo ulikofika. Kwenye sponji iliyo chini ya zulia doa huwa pana kuliko linavyoonekana juu, kwa hiyo vuka ukingo wake kwa kiasi cha kiganja. Funika kwa nailoni ili pasikauke: vimeng'enya hufanya kazi palipo na umajimaji tu. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa. Doa la zamani huenda likahitaji saa nyingi na kurudiwa mara mbili au tatu.

Usitumie mashine ya mvuke, kwani joto linaweza kuligandisha doa kwenye nyuzi. Usitumie kisafishaji chenye amonia, kwani kwa paka kinanukia kama mkojo na kinamwita arudi palepale. Na blichi ya klorini usiiguse kabisa: ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma macho na mapafu.

Sponji ikiwa imelowa miaka, ikate uitupe. Saruji au mbao iliyo chini isafishe kwa dawa ileile, iache ikauke kabisa, kisha ipake mara mbili praima (rangi ya kwanza) ya kuzuia harufu iliyotengenezwa kwa sheleki, aina ya utomvu. Rangi ya maji ya kawaida haizuii harufu. Ukipaka kungali na unyevu, itabanduka.

Marashi, ubani na mishumaa yenye manukato? Achana navyo. Mnunuzi akikuta nyumba inanukia kupita kiasi, swali lake la kwanza ni kinafichwa nini.

Mbwa amekwarua mlango. Tupake rangi tu?

Rangi peke yake haizibi mkwaruzo. Osha mlango kwa sabuni utoe mafuta, uache ukauke. Mikwaruzo myepesi isugue kwa msasa namba 120, umalizie kwa 220, ukifuata mkondo wa mbao. Iliyozama ijaze puti ya mbao, ipande kidogo juu ya uso wa mlango kwa sababu hunywea ikikauka. Shimo refu lijaze kwa awamu mbili. Sugua, paka praima, kisha paka uso mzima wa mlango. Ukipaka kiraka tu kitaonekana, kwa kuwa rangi ya zamani imekwisha kufifia.

Mlango wa vanishi ni mgumu zaidi. Jaribu kwanza puti ya rangi inayofanana mahali pasipoonekana. Ule mwepesi ulio wazi katikati, kama kucha zimetoboa, nunua mwingine.

Tunahama mapema na nyumba itakaa tupu wiki kadhaa. Kuna hatari ya viroboto?

Ipo, na nyumba tupu ndiyo mbaya zaidi. Buu la kiroboto hujifunga ndani ya kifuko na linaweza kusubiri wiki au hata miezi. Kinacholiamsha ni joto, mtikisiko na pumzi za kiumbe kinachopita. Kwa hiyo wa kwanza kuumwa atakuwa mnunuzi wako.

Kabla ya kuhama, tibu wanyama wote siku moja na fua matandiko yao kwa maji ya nyuzi 60. Fyonza vumbi kila siku kwa wiki mbili, hasa nyufa za sakafu na kingo za kuta, na mfuko wa mashine utupe nje papo hapo. Dawa ya kupuliza iwe na kiambato kinachozuia mayai na mabuu kukua, kama methoprini. Ukifuga paka, soma kibandiko: permethrini, dawa ya wadudu, ni sumu kwake.

Tuna kasuku. Abaki ndani tukipaka rangi?

Hapana. Mapafu ya ndege hayavumilii mivuke ya rangi na vanishi. Mhamishe kabla kopo halijafunguliwa, arudi harufu ikiisha kabisa.

Siku ya wateja kuja, tumfungie mbwa chumbani?

Mtoe nyumbani. Mlango uliofungwa wenye mbwa anayebweka ni chumba ambacho mteja hakukiona. Paka mtie kwenye kizimba cha kusafiria mapema. Akishahisi pilikapilika atajificha. Sanduku lake la mchanga lisafishe asubuhi hiyo, ulitoe nje pamoja na bakuli.

Mteja akiuliza kama tunafuga, tukane?

Msikane. Chembe za paka zinazosababisha mzio hubaki kwenye vitambaa na vumbi kwa miezi hata baada ya paka kuondoka, na mwenye pumu atajua usiku wa kwanza. Mwambieni mlifuga nini, vyumba gani, na zulia lipi mmelibadilisha.