Siku ya Kwanza Bangkok

Ndugu, umeuliza uianzeje siku yako ya kwanza Bangkok ilhali hujui hata neno moja la Kithai. Ukitua Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa jiji hilo, badilisha fedha kidogo tu uwanjani, kisha panda treni hadi kituo cha Phaya Thai, ambako utaunganisha na treni ya mjini ipitayo juu ya barabara, kwa maana foleni za magari mjini humo hazina huruma.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni chakula. Vibanda vya kando ya barabara huuza wali na tambi kwa bei nafuu, lakini pilipili yao si ya kuchezea (mimi nilitokwa na machozi mbele ya watu), hivyo mwambie mpishi "mai phet", yaani kisiwe kikali, na hata hivyo onja kwanza. Utapewa kijiko na uma. Uma ni wa kusukumia chakula kwenye kijiko, nacho kijiko ndicho kiendacho kinywani.

Vua viatu kabla ya kuingia nyumbani mwa mtu. Wimbo wa taifa ukipigwa hadharani, saa 2 asubuhi au saa 12 jioni, simama kimya kama wenyeji. Salamu ni "sawatdi khrap" kwa msemaji mwanamume, na "sawatdi kha" kwa mwanamke.