Mimi nabaki na ngao

Wiki hii mmeuliza, kwenye gemu za kifantasia zile za mapanga na madragoni, ni silaha gani au vazi gani la vita huwezi kuliacha unapoingia pangoni. Najua wengi watajibu upanga, tena ule mkubwa wa kushika kwa mikono miwili, na mimi zamani ningejibu hivyohivyo. Sasa hivi jibu langu ni ngao. Ngao ya kawaida kabisa, ya sarafu 10 za dhahabu, isiyo na uchawi wowote.

Mi nacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, kwa sheria za 2014, mezani na washkaji wanne, dadu na karatasi na penseli. Kwa asiyeijua, hii gemu ilitoka Marekani mwaka 1974, ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ilichipuka kwenye michezo ya vita ya kuchezesha vijisanamu vya askari wa zama za kati, ndo maana mpaka leo ukifungua kitabu cha sheria unakuta orodha za bei za mikuki, mashoka, pinde na deraya, yaani mavazi ya vita, utadhani uko gulioni.

Karakta wangu wa kwanza, yaani mhusika ninayemchezesha, alikuwa mpiganaji. Tulikubaliana kila mtu arushe dadu ajue anaanza na hela ngapi, mi nikapata 130. Nikanunua deraya ya minyororo kwa 75, upanga mkubwa kwa 50, nikabaki na 5, na nilikuwa na furaha balaa maana ule upanga unarushiwa dadu mbili za pande 6, wastani wake 7, wakati upanga wa mkono mmoja ni dadu moja ya pande 8, wastani 4 na nusu tu. Nikaona ngao ni ya waoga.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Deraya ya minyororo inakupa kinga 16, yaani adui anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha bonasi yake, ikifika 16 kakupata, isipofika kakukosa. Tukaingia kwenye korido nyembamba ya mawe, magoblini wawili, vile vijitu viovu, wakanitokea mbele, wenzangu wamebanwa mlangoni na wengine watatu. Bonasi ya goblini ni 4. Wa kwanza karusha 13, jumla 17, kanikata 6. Nikarusha mimi, nikakosa. Wa pili karusha 12, jumla 16, kanikata 7. Uhai wangu wote ulikuwa 12, kwa hiyo chini. Ukishakuwa chini kila raundi unarusha dadu ya kupigania roho, ikitoka chini ya 10 umefeli, na ukifeli mara tatu kabla hujafaulu mara tatu basi umekufa. Nikatoa 4, nikatoa 9, nikatoa 7.

Nilivyorudi nyumbani nikakaa na ile karatasi naiangalia. 17 na 16. Ngao inaongeza kinga 2, kwa hiyo ningekuwa na 18, na mapigo yote mawili yangepita hewani!! Nikachukua kalamu nikapiga hesabu vizuri: kwa kinga 16 goblini anakupata kwenye pande 9 kati ya 20, ukiwa na ngao zinabaki 7. Na kadiri kinga yako inavyopanda ndo ngao inazidi kuwa na thamani, ukiwa na 18 tayari halafu ukaongeza ngao ukafika 20, pande zake zinashuka toka 7 mpaka 5. Afu bei sasa. Upanga wa mkono mmoja ni 15, ngao 10, jumla 25, nusu ya bei ya ule mkubwa, ningebaki na sarafu 30 za kamba na mienge.

Haki lazima isemwe, upanga mkubwa unaua haraka. Goblini ana uhai 7, mpiganaji mwenye bonasi ya nguvu 3 akimpata na ule mkubwa ni mara 33 kati ya 36 anamlaza palepale, na wa mkono mmoja ni mara 5 kati ya 8. Hilo silibishi. Ila kuua haraka kunakusaidia kama bado umesimama.

Kuna mshkaji wetu anapenda historia, yeye huwa ananiambia kwamba mashujaa wa Ulaya wa karne ya 15 walishaziacha ngao kwa sababu deraya ya mabamba ilikuwa inawakinga mwili mzima, na walitaka mikono yote miwili iwe huru kushika shoka la mpini mrefu la kumvunjia mwenzao aliyevaa kama wao. Ni kweli kabisa. Lakini kwenye gemu hii deraya ya mabamba inauzwa sarafu 1,500 na inakupa kinga 18, ileile 18 unayoipata kwa deraya ya minyororo na ngao kwa sarafu 85, mtu wa levo ya kwanza hizo 1,500 anazitoa wapi?

Na kuna jambo wengi hawaliangalii, muda wa kuvaa. Deraya nzito inavaliwa dakika 10, na raundi moja ya vita ni sekunde 6, piga hesabu ni raundi 100. Ngao unaishika kwa tendo moja tu, raundi hiyohiyo. Karakta wangu wa sasa ni mbilikimo wa kike, naye mpiganaji, mwezi uliopita tulivamiwa usiku kambini amelala na shati, deraya iko kwenye begi. Dungeon masta, yule anayetuendeshea gemu, akaniuliza unafanya nini. Nikamwambia naiacha deraya, naokota ngao, nasimama mlangoni mwa hema. Akarusha dadu nyuma ya ubao wake, akatulia kidogo, akasema mkuki umegonga mbao ya ngao.