Kabla Hujaichomeka iPod ya Zamani kwenye Kompyuta

Marehemu mjomba wangu aliacha iPod moja, kifaa kidogo cha Apple cha kuchezea muziki, ile ya mwaka 2005 yenye kioo cha rangi na diski ya GB 30, ambayo ndani yake alikuwa amehifadhi taarab za harusini alizozirekodi kwa kaseti kule Ngamiani, Tanga, kisha akazihamisha moja moja. Kaseti zenyewe zimeota ukungu na kompyuta aliyoitumia iliuzwa zamani, kwa hiyo nakala pekee ya sauti zile ilikuwa ndani ya kifaa hicho, ambacho mkaza mjomba alinikabidhi kikiwa kimezimika.

Jambo ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote ni hili: usikubali iPod ifutwe. Programu ya iTunes, ambayo ni ya Apple ya kupanga nyimbo na kuzihamishia kwenye iPod, huihesabu maktaba iliyo kwenye kompyuta kuwa ndiyo asili, na iPod kuwa nakala yake tu. Ukiichomeka kwenye kompyuta ngeni, utaulizwa kama unataka kufuta kilichomo na kuweka cha kompyuta hiyo. Binamu yangu aliipeleka ya kwake kwa fundi, fundi akabonyeza kukubali bila kusoma, na nyimbo za miaka sita zikapotea kwa mara moja. Ndiyo maana mimi nilitafuta kompyuta isiyo na iTunes kabisa.

Anza na chaji. Betri iliyolala miaka mingi haiamki papo hapo. Ya mjomba niliiacha kwenye umeme wa ukutani karibu saa nzima kabla kioo hakijaonyesha chochote. Kagua pia waya, kwa sababu zinauzwa nyaya nyingi zinazopeleka umeme tu bila kupitisha data, na mtu anaweza kuhangaika siku mbili akidhani kifaa kimekufa. Lile tundu pana la chini lenye pini 30 hujaa vumbi na nyuzi za mfukoni. Nililisafisha kwa mswaki mkavu, taratibu, na hapo ndipo kompyuta ilipoitambua.

Kama bado haionekani, iweke katika hali ya diski. Sogeza swichi ya Hold mbele na urudishe, kisha shikilia kitufe cha Menu pamoja na cha katikati mpaka nembo ya Apple itokee. Hapo hapo achia Menu, ushikilie cha katikati pamoja na cha kuchezesha, mpaka usome "Disk Mode" kwenye kioo. Sasa kompyuta itaiona kama diski yoyote ya kuchomeka. Hata hivyo, iPod iliyoandaliwa kwa kompyuta ya Mac haisomeki kwenye Windows, na Windows itakuomba uifomati, yaani uifute yote na kuiandaa upya. Kataa, utafute mwenye Mac, kwa kuwa Mac husoma aina zote mbili.

Ukiifungua utadhani hakuna nyimbo. Zimo, ila zimefichwa. Kwenye Windows ruhusu vitu vilivyofichwa vionekane. Kwenye Mac bonyeza Command, Shift na nukta kwa pamoja. Itatokea folda ya iPod_Control, na ndani yake Music, ambayo ina folda ndogo zinazoanzia F00. Nakili folda yote ya Music kama ilivyo, usianze kuchagua. Diski ya mjomba ilikuwa inagonga kama saa mbovu, na nilihofia kwamba kila dakika ya kuchagua ingenigharimu wimbo.

Faili utazikuta zina majina ya herufi nne zisizo na maana yoyote, lakini usihuzunike, kwa kuwa jina la wimbo na la mwimbaji kwa kawaida huwa limeandikwa ndani ya faili lenyewe. Programu ya Mp3tag, ambayo ni ya bure kwenye Windows, huyatoa majina hayo na kuyafanya kuwa majina ya faili, mamia kwa pamoja. Nyimbo zenye herufi za m4p mwishoni zilinunuliwa zikiwa na kufuli, na hazitacheza bila akaunti ya aliyezinunua.

Rekodi za mjomba hazikuwa na maelezo ndani. Nyingi ziliandikwa "Track 01" na kuendelea. Kazi hiyo hakuna programu ya kuifanya. Niliketi na mkaza mjomba jioni nne mfululizo, mimi nikichezesha, yeye akisikiliza kinanda kinavyoanza na kutaja nani anaimba, harusi ilikuwa ya nani na mwaka gani, nami nikiandika kwenye daftari la shule kabla ya kuyaingiza kwenye faili. Zimebaki tatu ambazo hata yeye hazitambui, na hizo nimezipa jina la mtaa tu.