Kabla hujachimba shimo lako la kwanza la gumbo

Mwezi Mei nilichimba shimo kwenye mteremko mmoja magharibi ya mto Missouri, South Dakota, Marekani, kwa koleo peke yake. Agosti nikarudi hatua chache kutoka palepale, koleo likadunda kama limegonga tofali, na kazi niliimaliza kwa sululu. Majira ya baridi yalipofika nikakaa mezani na karatasi mbili nilizoandikia maelezo ya mashimo hayo. Ukizisoma ungeapa kwamba ni aina mbili za udongo: mmoja laini, unanata, hauna ufa hata mmoja; mwingine mabonge magumu yenye nyufa zinazomeza mkono mzima. Ulikuwa udongo uleule, mfinyanzi mzito ambao wenyeji huuita gumbo. Kosa langu ni kwamba nilieleza unyevu wa siku ile nikadhani nimeeleza udongo.

Nawaandikia ninyi mnaokwenda kuanza kazi ya kupima udongo au malisho kwenye nyanda kavu na baridi za South Dakota na Montana. Swali la kwanza pale liwe hili: maji yamepita hapa lini, na yamepitia wapi? Ukilikosa hilo, mengi utakayoandika baadaye yataegemea upande.

Udongo wenyewe umetoka baharini. Miaka milioni 70 hadi 80 iliyopita katikati ya Amerika Kaskazini palikuwa na bahari, na tope lililotua chini yake liliganda likawa mwamba laini, wenye tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Hapa nitauita mwamba tope. Kule South Dakota unajulikana kwa jina la Pierre, ambalo wanajiolojia Meek na Hayden waliupa mwaka 1862 kwa kufuata Fort Pierre. Huko Montana mwenzake ni Bearpaw. Milima ya volkano upande wa magharibi ilimwaga majivu ndani ya bahari hiyo, na majivu yakageuka kuwa mikanda ya bentonaiti, mfinyanzi unaovimba na kuteleza ukilowa. Ndiyo maana mfinyanzi wa huku umejaa smektaiti, madini ambayo vijitabaka vyake hufunguka maji yakiingia katikati na kubanana yakitoka. Huo ndio gumbo. Kwenye ramani sehemu kubwa yake utaikuta chini ya kundi la vertisoli, yaani udongo wa mfinyanzi unaovimba na kupasuka, ambalo linataka angalau asilimia 30 ya mfinyanzi. Gumbo mara nyingi hufika nusu au kupita.

Mvua na theluji kwa mwaka huleta maji ya kama milimita 300 hadi 450, na sehemu kubwa huanguka mwishoni mwa machipuko na mwanzoni mwa kiangazi. Majira ya baridi joto huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Chukua hayo mawili pamoja, ukame na baridi, kwa sababu kila moja lina alama yake kwenye udongo.

Ukame hufungua nyufa. Kufika Agosti zinaweza kuwa pana kuliko kidole gumba na kushuka nusu mita au zaidi. Mvua ya kwanza kubwa haiulowanishi udongo kutoka juu kwenda chini kama tulivyofundishwa darasani. Hutiririka moja kwa moja ndani ya nyufa na kulowanisha chini huku katikati pakiwa pakavu. Kisha mfinyanzi huvimba, nyufa hufumba, na kuanzia hapo maji karibu hayaingii tena. Mvua inayofuata hutiririka juu na kuishia mabondeni. Kwa hiyo ukipima kasi ya maji kuingia ardhini, utapata namba kubwa mno leo na karibu sifuri wiki ijayo. Zote ni za kweli. Ziandike pamoja na hali ya nyufa, la sivyo hazimsaidii mtu. Tabia hiyohiyo ndiyo inayowafaa wafugaji: lambo lililochimbwa kwenye gumbo hukaa na maji vizuri sana, mradi njia ya kutolea maji ya ziada isiachwe ikachimbika kuwa korongo.

Baridi nayo hufanya kazi juu. Udongo ukiganda na kuyeyuka mara nyingi, uso wake huvunjika kuwa punje ndogo, na ifikapo machipuko unaukanyaga kama umemwagiwa ngano. Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Wanashika punje hizo, wanazisugua kwa vidole, wanaandika tifutifu au hata mchanga. Hizo ni chembe za mfinyanzi zilizoshikana. Ongeza maji kidogo kidogo na uendelee kukanda hata baada ya kuhisi umemaliza, dakika mbili au tatu, mpaka usisikie punje hata moja. Halafu sukuma utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukipita sentimita 5 bila kukatika, umekutana na mfinyanzi. Upepo lakini haujui kukanda: kwake punje hizo ni mchanga, na shamba lililoachwa tupu machipuko litapeperushwa kama mchanga.

Shimoni, usilainishe ukuta kwa koleo. Koleo hupaka mfinyanzi, na kila kitu kikaonekana kimeng'aa. Bandua mabonge kwa ncha ya kisu, kutoka juu kwenda chini, na uyaangalie moja moja. Unachotafuta ni nyuso zilizosuguana wakati udongo ulipovimba na kusukumana wenyewe kwa wenyewe: laini, zenye mikwaruzo ya mwelekeo mmoja, zimelala mshazari, na mabonge kati yake yana umbo la kabari. Mimi hupenda kuacha ukuta upigwe na hewa saa moja hivi kabla ya kuanza kuandika, maana mipaka kati ya mabonge hujifungua yenyewe. Na ardhi ikiwa na mabonde na vilima vidogo vidogo vya kifundo hadi goti, shimo moja halitoshi. Tabaka la chini hupanda na kushuka kufuata mawimbi hayo.

Rangi itakudanganya pia. Tumezoea kwamba kijivu ni dalili ya maji kutuama. Kwenye gumbo, kijivu na kijani cha zeituni ni urithi wa tope la baharini. Kitakuwepo hata juu ya kilima ambako maji hayajawahi kusimama. Fuwele zinazong'aa chini kama vioo zitawavutia wengi, na zinastahili. Ni jasi. Mwamba tope una madini ya salfa na chuma, hewa ikiyafikia hutoa asidi, asidi hukutana na chokaa, na jasi hujijenga. Andika kina chake.

Jambo ambalo hata wazoefu hubishania ni udongo unaishia wapi na mwamba unaanzia wapi. Mwamba tope ni laini, koleo hupita. Ukilowa hunata. Usiamue kwa ugumu. Tazama kama kurasa za mwamba bado zimepangika, kisha tazama mizizi: kwenye udongo huingia popote, ikifika kwenye mwamba hulala ubapa juu ya kurasa au kufuata mipasuko peke yake. Tofauti hii ni kubwa kwenye ramani. Pierre, kama jina la udongo, huufikia mwamba kati ya sentimita 50 na 100. Udongo mwingine, Lismas, huufikia kabla ya 50. Nyasi zinajua tofauti hiyo kuliko sisi.

Na nyasi ni mwalimu mzuri. Pale ambapo Pascopyrum smithii, ile ya majani ya buluu-kijivu, imetawala karibu peke yake, tarajia mfinyanzi mzito: mashina yake ya chini ya ardhi huvumilia kukatwakatwa na nyufa. Nassella viridula ikiwa nyingi pamoja nayo, mara nyingi malisho hayo hayajabanwa sana na ng'ombe. Bouteloua gracilis fupi ikienea kote, uliza historia ya ulishaji. Mgeni huona nyasi zimenyauka, anapima maji ya udongo, anakuta yapo, anachanganyikiwa. Gumbo linaweza kuwa na maji ya moja ya tano ya uzito wake na mmea usipate hata tone, kwa kuwa mfinyanzi umeyashika kwa nguvu kuliko mzizi unavyoweza kuvuta. Usimwambie mfugaji kwamba ardhi yake ina unyevu wa kutosha kwa kuangalia asilimia peke yake. Nimesikia likisemwa, na mfugaji mwenyewe, mzee mmoja, alitutazama tu, kisha akatuonyesha nyasi.

Jifunzeni kuhusu seleniamu, elementi ambayo ikizidi huwa sumu kwa mifugo, kabla hamjakata hata jani la sampuli. Mwamba huu una seleniamu nyingi sehemu nyingine, na baadhi ya mimea kama Astragalus bisulcatus huikusanya. Mwaka 1856 daktari wa jeshi kwenye ngome ya Fort Randall, kando ya Missouri, alieleza farasi waliopukutika manyoya ya shingo na mkia na kuumwa kwato. Sababu haikujulikana mpaka miaka ya 1930. Ukiuona mmea huo umestawi mahali, mwambie mwenye mifugo siku hiyohiyo, ripoti itafuata.

Kama mtaitwa kushauri juu ya ujenzi, hasa barabara, nyumba au tuta la bwawa, kumbukeni Fort Peck, Montana. Tarehe 22 Septemba 1938 sehemu ya bwawa lililokuwa likijengwa iliporomoka na wafanyakazi 8 wakafa. Chini ya tuta palikuwa na mwamba wa Bearpaw uliooza, wenye mikanda ya bentonaiti, na udhaifu wake ulitajwa miongoni mwa sababu. Kila ninapokuta mkanda mweupe wa utelezi shimoni, hata mwembamba kama kidole, naupima, naupiga picha na kuuandika. Nawaombeni mfanye vivyo hivyo hata mkiwa na haraka.

La mwisho ni la gari. Mawingu yakianza kukusanyika, funika shimo, funga keekee ya kutobolea udongo, ondoka. Usingoje tone la kwanza. Baada ya milimita chache tu za mvua gumbo hujizungushia kwenye tairi safu kwa safu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na kila gari linalolazimisha huacha mifereji ambayo maji yataifuata kwa miaka kwenye malisho ya mtu. Gari libaki kwenye barabara ya kokoto. Vifaa vibebwe kwa mguu, na maji ya kunywa yawe ya kutosha kulala huko ikibidi.